Tisini na Nne Yangu, Sitini Yake

Miaka ile ya hamsini nilikuwa nauza misumari na rangi katika duka la Mhindi mmoja River Road, na nilikuwa nimemaliza shule ya jioni. Sijisifu, lakini nilisoma mpaka kibatari kikaomba likizo. Nilikaa Muthangari kwa shemeji yangu, mpishi wa Mzungu, na nikitoka darasani nilitembea hadi huko nikikariri hesabu kwa sauti. Nadhani hata mbwa wa Westlands walijua kutafuta faida baada ya kutoa gharama.

Chuo cha biashara kilipotangaza mtihani wa kuingilia, tuliufanya watu wawili wa duka moja: mimi, na mpwa wa tajiri wangu. Siku moja, karatasi moja, maswali yale yale themanini. Kumbi tu ndizo zilizotofautiana, yeye kwa Wahindi wenzake, mimi kwa Waafrika wenzangu. Hilo halikunishtua, mji mzima ulikuwa hivyo, hata vyoo. Nilitaka kiti kimoja tu katika chuo kile, nitoke kaunta niingie ofisi.

Majibu yakaja. Mimi tisini na nne. Mpwa sitini.

Jamani! Nilitangaza habari hiyo River Road nzima, nikawaambia mafundi cherehani, nikawaambia wachukuzi, ningempata punda ningemwambia. Maswali yalikuwa themanini, nami nimepata tisini na nne, na msomi mzima sikujiuliza hizo kumi na nne za ziada nimezipata kwa nani. Tajiri naye akamgeukia mpwa wake.

"Ona! Karani yangu nakushinda! Yeye nasoma na taa ya mafuta, wewe na stima!"

Kisha chuo kikabandika majina ya waliochukuliwa. La mpwa lilikuwepo. Langu nililitafuta juu, chini, na nyuma ya karatasi.

Nikaenda ofisi ya mitihani, pale mjini. Dirishani alikaa karani mmoja mzee wa pwani, kofia yake safi, sauti ya taratibu. Nikamwambia pana kosa: wa sitini kaingia, wa tisini na nne kaachwa.

"Hizi si maksi, mwanangu," alisema. "Ni nafasi. Katika kila mia waliofanya, wewe umewapita tisini na wanne."

"Na yule wa sitini?"

"Kawapita sitini."

"Basi si nimemwacha mbali, mzee?"

Akavua miwani. "Kawapita sitini wa kwao. Wewe umewapita tisini na wanne wa kwenu. Kila watu na jedwali lao. Na jedwali lenu lina viti viwili."

"Viwili vya Nairobi?"

"Vya Kenya nzima."

Nikamuuliza, tukipimwa wote pamoja, mimi niko wapi?

"Jedwali hilo halijatengenezwa," akasema, na nikaona hakupenda kulisema. Alichoweza kunipa ni hesabu ya majibu yangu sahihi. Hamsini na mawili.

Nilitoka pale nikiwakumbuka wenzangu wa ukumbini. Mmoja alikuja na saruji kwenye nywele. Mwingine alikuwa ametoka zamu ya ulinzi, akalala juu ya karatasi, na msimamizi akamwacha alale. Hao ndio niliokuwa nikijitapa mji mzima kwamba nimewapita.

Dukani mpwa alinivuta nyuma ya makopo ya rangi. Yeye alikwishapata hesabu yake. Hamsini na mawili, sawa na mimi.

"Ndugu, mwambie mjomba tumetoka sare," akaniomba. "Wiki nzima ananichapa na tisini na nne yako."

Nikamwambia tajiri yote, majedwali, viti viwili, hamsini na mawili. Alisikiliza huku akijikuna kidevu.

"Majibu sawa, yeye naingia, wewe hapana ingia," akasema. "Mimi nafanya biashara miaka mingi. Mizani namna hii nikiweka dukani, polisi nakamata mimi."

Lakini hakuiacha ile tisini na nne. Mpwa akaenda chuoni, mimi nikabaki, na kila mteja aliyeingia aliambiwa, "Huyu karani yangu iko tisini na nne!" Ilivuta watu kuliko bei. Siku moja fundi seremala mmoja alinishika mkono, akanitazama kwa heshima kabisa.

"Tisini na nne! Sasa kijana, unafanya nini hapa?"

"Nakungoja wewe, mzee," nikasema.

Duka zima likacheka. Nilicheka kuwazidi wote, maana ndivyo nilivyo, na tajiri alikuwa ananitazama.