Nilichoandika Kando ya Presha Yangu

Wenzangu wa kliniki ya presha, mmeniuliza nilivyopona. Nitasema yote, hata ya aibu.

Mimi ni mkulima wa chai hapa Kianjokoma. Mke wangu alipokuwa hai sikujua kidonge ni nini. Nilibeba gunia la majani mabichi hadi kituo cha kununulia chai bila kupumzika njiani.

Baada ya mazishi nilianzishiwa vidonge vya presha, na jirani mmoja mjane akaanza kuniletea chakula. Nilikula miezi mingi, nikijua anatarajia nini, na sikumwambia ukweli kwa sababu githeri yake ilikuwa tamu. Hilo ni kosa langu. Nilipomwambia, "Mama, asante, sasa basi," alikuwa na haki ya kukasirika. Hakuwa na haki ya kunifuata.

Alinifuata kituoni, kanisani, hata kwenye benchi hili la kliniki. Alipiga simu na kutuma meseji mpaka betri ikaisha. Siku moja nilitoka shambani nikamkuta jikoni mwangu, amevaa sweta ya marehemu mke wangu.

"Umechelewa," akasema. "Chai imepoa."

Kichwa kilinigonga, damu ikatoka puani ikachafua shati. Tangu hapo usingizi ulipotea. Simu ikilia, natapika.

Niliposimulia kituo cha chai, wanaume walicheka. "Mzee, sisi tunapikiwa na matusi juu! Wewe unakimbia chapati?" Mwanangu, anayefanya kazi shamba la maua huko Timau, naye akasema, "Baba, si ni kupendwa tu?"

Nikaenda kwa wazee wa kanisa. Walitukalisha mimi na yule jirani, wakatuombea, tukashikana mikono. Mmoja akaniuliza, "Umesamehe? Basi futa hizo meseji. Msamaha gani unawekwa kwa simu?" Nikafuta zote mbele yao, nikajiona Mkristo safi.

Haukupita muda mrefu, jirani akavunja kufuli la jikoni. Nikaenda kituo cha polisi, wakauliza, "Ushahidi uko wapi, mzee?" Sikuwa nao. Nilikuwa nimeufuta kwa kidole changu mwenyewe.

Nikitoka pale nilianguka barabarani. Nilipozinduka hospitalini, mdomo ulikuwa umepinda, mate yananitiririka, na mkono wa kushoto haushiki kikombe.

"Ni kiharusi," daktari alisema. "Dawa unameza?"

"Nameza."

"Basi kuna kitu kinakupandisha presha. Ni nini?"

Nililia, nikamweleza. Hakucheka. Alisema, "Kila asubuhi pima, andika namba. Kando yake andika alichofanya huyo jirani, saa, mahali na aliyeona. Hasira usiandike. Andika kilichotokea. Na usifute meseji hata moja."

Nikanunua daftari. Niliandika: "Amesimama langoni tangu tuanze kuchuma hadi tulipokwenda kupima majani. Wachumaji wote wamemwona." Vikaratasi alivyopitisha chini ya mlango nilivibandika humo. Kuna siku aibu ilinishika nikataka kuliacha, lakini niliandika. Alipokuja, namba ilipanda. Alipokwenda kwa dada yake huko Runyenjes, ilishuka. Hata mimi nilishangaa.

Mwanangu alikuja kunitazama, akalisoma daftari mezani bila kugusa chakula. "Baba, nisamehe," akasema. "Vaa viatu twende."

Polisi tuliyemkuta safari hii, binti wa umri wa mjukuu wangu, alisoma hadi mwisho, kisha akamwita mkubwa wake. Kesi ilifika kortini Embu. Jirani aliamriwa asinikaribie, wala asinipigie simu, na ametii.

Mdomo umenyooka. Mkono umerudi, ingawa vifungo vya shati bado vinanisumbua. Namshukuru Mungu, na namshukuru daktari ambaye hakucheka.

Wewe unayefuatwa, hasa mwanamume unayeogopa kuchekwa, andika siku ile ile, na nakala mpe mtu unayemwamini. Samehe ukiweza, lakini tunza ushahidi. Mimi bado napima na kuandika kila asubuhi. Siku hizi ukurasa una namba tu, na kando yake ni peupe.