Ukuta wa Mtani

Kila jioni sabufa ya muziki ya jirani yao Christopher ilipoanza kudunda, mkono wa kushoto wa Bibi Evodia ulikamata shuka. Ndio mkono pekee uliobaki na nguvu. Kiharusi kilikuwa kimechukua upande wote wa kulia, na maneno pia.

Bintiye, Damari, alikuwa muuguzi. Aliuona mkono ule, akamfunga mama kipimo cha presha, akasoma, akakirudisha kwenye kasha. Daktari alikwisha kumwambia waziwazi kwamba mama anahitaji utulivu kuliko vidonge, na kwamba kiharusi cha pili huenda asikivuke.

Walikaa kota za halmashauri, katika mji mdogo wa reli upande wa Manyoni. Nyumba zenyewe zimejengwa mbilimbili, kila mbili zikishirikiana ukuta. Upande wa pili wa ukuta wa Damari alikaa Christopher, dereva wa gari la wagonjwa, Mnyamwezi wa Tabora, mcheshi, mwenye marafiki wengi na viti vya plastiki vya kuwatosha wote. Jioni walikaa barazani kwake wakinywa. Walikojoa kwenye matuta ya mchicha ya Damari, wakamwaga maji ya kuoshea vyombo kwenye ngazi zake, na sabufa wakaiegemeza kwenye ule ukuta kwa sababu, walivyosema, mahali pengine ilikuwa inatikisika.

Jambo hili lilianza kwa furaha. Siku mama na mwana walipohamia, Bibi Evodia akiwa bado mzima na mdomo wake, Christopher alikuja kusaidia kushusha mizigo. Alipowasikia wakiongea Kinyiramba alitabasamu, akachomoa jogoo kwenye tenga, akaondoka naye kwapani kama wake. Damari alishtuka. Mama yake alipiga makofi.

"Mpagazi wewe," alimwambia. "Mizigo ya Waarabu imekuzamisha shingo, na bado unataka kubeba kuku wangu?"

Wanyiramba na Wanyamwezi ni watani. Mtani akichukua chako humwulizi, akikutukana unamzidi, na atakayekasirika ndiye mwenye makosa. Bibi Evodia alilelewa hivyo, na pale ugenini kumpata mtani ilikuwa kama kumpata ndugu. Kila asubuhi alimngoja dirishani ili amtukane kabla hajaenda kazini. Jogoo aliliwa, na wao wakapelekewa bakuli la mchuzi.

Kisha ikaja ile siku mama alipoanguka jikoni. Christopher alikuja na fulana tu, akambeba mikononi, akaendesha gari kama mtu anayekimbiza mama yake mwenyewe. Damari alipojaribu kumshukuru alimkatiza. Mtani hashukuriwi, alisema, na huyu ni mtumwa wake, amebeba mali yake.

Mama aliporudi nyumbani hakuweza tena kujibu. Christopher aliendelea kusimama dirishani kila asubuhi na kumtukana kwa mapenzi. Alingoja jibu, lisipokuja akacheka yeye kwa niaba ya wote wawili, akaenda zake. Jioni sabufa ikaanza.

Damari alikwenda kwa Winfrida, afisa aliyesimamia nyumba zile, akamweleza kwa sauti ndogo na kuomba nyumba nyingine. Winfrida alikuwa na nyumba moja tu iliyo wazi, ya zahanati, ndani kabisa porini kupita Itigi. Huko hakuna daktari, hakuna wa kumnyoosha mama viungo, wala gari la wagonjwa. Na nyumba za kupanga zilizo karibu na hospitali hazikuwa za mshahara wake. Alirudi nyumbani.

Aliyelianzisha upya suala hilo ni Mwalimu Simeoni wa nyumba ya tatu, ambaye binti yake alikuwa anajiandaa na mtihani wa kidato cha nne. Alizunguka mstari mzima wa nyumba, na wote wakakubali kulalamika. Utaratibu wa kota ulikuwa kwamba msumbufu huhamishwa, ila lazima anayepakana naye ukuta aseme mwenyewe kwamba anasumbuliwa. Kwa hiyo kila kitu kilimngoja Damari. Mwalimu alimfuata bombani, akamwomba asiogope. Damari aliahidi. Siku hizo alipokuwa akimgeuza mama kitandani alikuwa akiyapanga maneno yake: mama yangu ni mgonjwa, presha inapanda, naomba asaidiwe apumzike. Hayakuwa maneno magumu.

Kikao kilifanyika Jumamosi katika ukumbi wa halmashauri. Mwalimu alisema yake, mama mmoja akaeleza habari za mikojo, Christopher akasikiliza amekunja mikono. Winfrida akamgeukia Damari.

"Wewe ndiye unayepakana naye ukuta. Tuambie mwenyewe."

Damari alisimama. Kabla hajafungua kinywa, Christopher alisema kutoka kitini kwake:

"Mpeni maji kwanza mtumwa wangu. Babu yangu alimnunua kwao Iramba kwa kibuyu cha asali, na asali yenyewe ilikuwa imechacha."

Watu walicheka kidogo. Kisha ukumbi ukangoja jibu. Na Damari, ambaye tangu utotoni hakuwahi kumwona mama yake akimwacha mtani aondoke bila jibu, alijibu.

"Asali babu yako aliipata wapi? Si ilikuwa mzigo wa Waarabu aliokuwa amewabebea?"

Ukumbi ulipasuka. Christopher mwenyewe alijipiga paja, akainama akicheka. Winfrida alifuta macho. Damari alibaki amesimama na maneno yake aliyoyapanga, akajaribu kuyaanza, "Lakini mama yangu," akasema, na mtu wa nyuma akadakia kwamba mama naye ni mtumwa vilevile, wakacheka tena. Winfrida akafunga jalada. Hawa ni watani, alisema, na mambo ya watani serikali haiyaingilii. Akamwonya Christopher apunguze sauti kidogo, kwa heshima ya wenzake.

Nje, Mwalimu Simeoni alimsubiri mpaka wengine walipopita.

"Ungenyamaza tu, dada," alimwambia. "Ungelia, hata. Si kumjibu."

Jioni hiyo hiyo Damari alikwenda kugonga mlango wa Christopher. Alimkuta anapanga viti.

"Christopher, sikutanii. Mama hawezi tena kukujibu."

"Najua, mtumwa wangu. Ndiyo maana leo umenijibu wewe. Vizuri kweli, angesikia angefurahi."

"Muziki unampandisha presha. Anaweza kufa."

Christopher aliweka kiti chini. Kwa kitambo kidogo uso wake ulikuwa uso wa mtu aliyembeba mgonjwa mikononi. Kisha utani ukamrudia, kwa kuwa kwa watani hakuna kifo kisichotaniwa.

"Akifa nitalala kaburini mwake, na sitoki mpaka mnikomboe kwa mbuzi wawili. Beberu sitaki."

Alimngoja ajibu. Macho yake yalikuwa na huruma, Damari aliiona, na hilo lilikuwa baya zaidi, kwa sababu hakuwa na mahali pa kuishika. Akilia, atakuwa amekasirikia utani. Akijibu, utani utaendelea tu. Aligeuka akaenda nyumbani.

Sabufa ilipoanza, chini kidogo kuliko jana, mkono wa kushoto ulikamata shuka. Damari aliufungua kidole kimoja kimoja. Alijaribu kukivuta kitanda hadi jikoni, chumba kilicho mbali na ukuta ule, kikakwama mlangoni. Basi alitandika godoro lake mwenyewe sakafuni, kati ya mtungi wa gesi na gunia la mkaa, akambeba mama mgongoni kama anavyobebwa mtoto, akamlaza hapo. Mdundo ulifika hata huko, kupitia sakafu. Mama alimtazama, akatazama masufuria, akamtazama tena, kama mgeni anayeuliza kwa adabu kwa nini ameletwa jikoni. Damari akajilaza pembeni yake kwenye saruji, akamshika ule mkono ili usiwe na cha kukamata.