Nilijianika Mwenyewe Nikitafsiri Filamu ya Kifaransa

Jamani, mimi ni mjinga, tena mjinga mwenye maikrofoni!

Kazi yangu ni kutafsiri filamu katika banda la video hapa Mathare. Sauti ya filamu huzimwa, nami huwatia waigizaji maneno ya mtaani, watu wakacheka. Jumapili moja mwenye banda akaleta filamu ya mapenzi ya Kifaransa. Kifaransa chenyewe sijui hata salamu!

Upuzi mtupu. Mume ana kimada, mke anajua, na wote watatu wanakaa meza moja wakila mkate na kunywa mvinyo. Hakuna ngumi, hakuna bunduki. Watu wakaanza kupiga mbinja.

"Buda, hii ni nini sasa? Changamsha!" mmoja akapaza sauti.

Basi nikachangamsha kwa nilichokijua. Mimi pia nilikuwa na kimada, muuza supu ya mbuzi kule Kiamaiko. Kila nikienda kwake, nyumbani nilisema naenda matanga ya mjomba wangu. Mke wangu aliamini, hata akanipa leso yake mpya nimpelekee mjane. Mimi huyo, nikampa yule wa supu!

Mfaransa alipovaa koti atoke, nikamsemea: "Mama watoto, usinipikie. Naenda matanga ya mjomba!" Banda likaangua kicheko. Kichwa kikanivimba. Alipofika kwa kimada na maua yake, nikaongeza: "Shika leso, beibi. Mke wangu anakupa pole, mjane wangu!" Watu walicheka wakipiga mabenchi.

Taa zikawashwa. Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni, ameniletea chai kwenye chupa.

"Baba Neema," akasema polepole, "huyo mjomba mimi nilimlilia."

Akaiweka chupa chini, akaondoka. Niliporudi nyumbani, alikuwa ameshamchukua Neema na kwenda kwao. Hapokei simu yangu. Yule wa supu naye, aliposikia mtaa unamcheka, akanifukuza kama mbwa. Ptuu! Nilistahili.

Nyinyi mnaowadanganya wake zenu na kujiona werevu, acheni! Siku moja mtataka sifa za watu, na mtajitaja wenyewe.

Siku hizi kila Jumapili wateja wanaitaka filamu hiyo hiyo. "Weka ile ya leso!" Naisimulia, maana sina kazi nyingine. Lakini mwishoni, pale mke anapomkumbatia mumewe na kumsamehe, nanyamaza. Sijui nimtie maneno gani mdomoni.