Kifaransa Changu cha Kukunja Mikono

Aibu iliyonipata juzi hapa machimbo ya Sekenke, heri niwasimulie mwenyewe kabla hamjaisikia mnadani. Mimi ni karani. Shuleni, padri mmoja alitukaririsha kitenzi cha Kifaransa, "kusema", katika wakati wa "nilikuwa nimesema, ulikuwa umesema". Tuliimba tumekunja mikono, bila kuelewa tunachoimba. Kwa mtaji huo nimejigamba miaka yote kwamba Kifaransa nakijua.

Juzi akaja Mbelgiji kutoka Kongo. Meneja wetu, Mwingereza, akaniita nitafsiri. Baba mkwe alikuwa amefunga safari toka Iguguno kuja kunisikia.

"Mwulize safari yake ilikuwaje," meneja akasema.

Nikakunja mikono. "J'avais parlé, tu avais parlé, il avait parlé..."

Mgeni akanitazama, kisha naye akakunja mikono, tukaimba pamoja mpaka mwisho. Wachimbaji wakapiga makofi. Baba mkwe akafuta machozi.

"Anasemaje?" meneja akaniuliza.

"Safari ilikuwa njema sana, bwana."

Mgeni akamgeukia baba mkwe. "Shikamoo, mzee," akasema kwa Kiswahili. "Kijana huyu anaimba vizuri. Lakini lori letu limekwama mlimani tangu asubuhi. Naomba watu wa kulisukuma."