Mwaka Niliorudia Darasa la Saba

Siku niliyojichafua darasani tulikuwa tunafanya mtihani wa hesabu. Nilikuwa darasa la saba katika shule moja ya Kakuma mjini, na tumbo lilikuwa likinisokota tangu asubuhi. Niliinua mkono. Mwalimu akasema, "Maliza kwanza, ndio utoke." Alikuwa na sababu, maana tulizoea kuomba ruhusa ya choo ili tukaulizane majibu. Niliinama nikaendelea. Nilipoinua mkono tena, nilikuwa nimeshachelewa.

Waliokaa nyuma walicheka. Kisha mtu akataja kipindupindu, kwa kuwa wiki hiyo watu wa afya walikuwa wamepita na kipaza sauti wakituhimiza tuchemshe maji. Kicheko kikakatika. Wakaanza kuvuta madawati, kila mmoja akijitenga nami. Mkwaruzo ule wa madawati sakafuni uliniuma kuliko kicheko.

Msichana wa Kiturkana niliyeketi naye hakusogea. Alivua sweta yake akanifunga kiunoni.

"Simama polepole," alisema. "Mimi nitatembea nyuma yako."

Alinifikisha mpaka kwenye hema la wagonjwa wa kipindupindu, karibu na zahanati. Vitanda vyake vilikuwa vya turubai, vyenye tundu katikati na ndoo chini. Nilikataa kulala, watu wazima wakiwa wamejaa pande zote. Mama mmoja Mkongomani, mkimbizi aliyekuwa akiwasaidia wauguzi, aliniona nikibana miguu huku machozi yananitoka.

"Achilia tu, mwanangu," aliniambia. "Hapa hata wazee wanajichafua. Hiyo haya iweke kando kwanza, upone."

Nilipona. Lakini shule ilikuwa imefungwa, na watoto walikuwa wameshatafuta wa kulaumiwa. Mama yangu, aliyehamia Kakuma kutoka Kitale nikiwa mdogo, alikuwa akiuza uji na mandazi kwenye lango la shule. Wakasema ni uji wake. Waliopita mbele ya nyumba yetu waliziba pua. Mama alifunika sufuria zake, akaacha kwenda langoni, na jioni hakukaa tena nje na majirani.

Shule ilipofunguliwa, nilifua sare, nikaianika. Mama akasema, "Bado huna nguvu. Ngoja wiki ijayo." Wiki iliyofuata akasema vivyo hivyo, nami sikubisha. Nilikuwa nikiwaza lile darasa likigeuka kunitazama. Pia niliamini kwamba mama ananionea haya, mimi mtoto mkubwa niliyejiharia mbele ya watu na kumwangushia biashara.

Siku moja yule msichana alikuja mlangoni. Nilijificha nyuma ya pazia. Mama alimwomba radhi kwamba sweta yake ilichomwa kule hemani.

"Hakuna shida," nilimsikia akijibu. "Mwambie arudi. Nafasi yake haijakaliwa."

Sikutoka. Baada ya muda mama alinipeleka Lodwar kwa dada yake aliyekuwa akiishi mtaa wa Nawoitorong, na huko nikarudia darasa la saba mwaka mzima. Nilikuwa mrefu kuliko wote, wakaniita Shosho, yaani bibi kizee. Nikiulizwa kwa nini nilirudi nyuma, nilisema tulikosa karo. Umaskini niliweza kuutaja bila kuona haya.

Sasa nina watoto wangu, na mama anaishi nasi hapa Lodwar. Juzi redio ilitangaza kwamba kipindupindu kimezuka tena, upande wa Lokichoggio. Nilikuwa nikisema huenda shule zikafungwa, kama zamani, mama akanikata kauli.

"Shule yenu haikukaa sana imefungwa," alisema. "Ni mimi niliyekufungia."

Nikamtazama.

"Uji niliuchemsha, huo nina hakika nao. Lakini bomba lilikuwa limekauka, nikachota maji ya kunywa lagani, katika vile vishimo vya mchanga wa mto uliokauka. Kuni zilikuwa zimeisha. Yale yetu ya nyumbani sikuyachemsha, na ndiyo uliyokunywa." Alikuwa akisema huku akiangalia sakafu. "Ningekurudishaje shule? Ningepitaje pale langoni na yule mwalimu ananiangalia?"

Miaka yote hiyo nilikuwa nimejiona mimi ndiye doa. Sikujua kwamba nyumbani mle tulikuwa wawili, kila mmoja akimkwepa mwenzake macho.

"Mama," nikasema, "mimi nilidhani unanionea haya."

Aliinua macho kutoka sakafuni.

"Wewe?" alisema. "Wewe ulikuwa mgonjwa."

Nilitaka kumshika mkono, lakini sisi si watu wa kushikana mikono. Niliketi tu karibu naye, redio ikiendelea na habari nyingine, mpaka watoto wakarudi kutoka shuleni wakiulizia chakula.