Mkia wa Sijali Nilivyousoma Vibaya

Aibu hii ningependa kuificha, ila kwa kuwa nusu ya Kilosa walinisikia nikilia kwenye kipaza sauti, sioni ninachoficha.

Mimi ni mwalimu wa sayansi shule ya msingi, na siku ya chanjo ya mbwa pale Mabwerebwere niliombwa niwapange watu foleni kwa kipaza sauti, basi. Daktari wa mifugo, mama mpole tunayemwita Daktari Hamisa, alipopanda bodaboda kufuata barafu ya kupozea chanjo aliniambia, "Mwalimu, usiguse mbwa hata mmoja mpaka nirudi," nami nikaitikia vizuri kabisa.

Wa kwanza kwenye foleni alikuwa Bibi Eliza, mjane anayelima mahindi kule mlimani, na mbwa wake mwekundu aitwaye Sijali. Bibi alikuwa na haraka ya kurudi shambani, nikamwonea huruma, nikasema ngoja nimfunge huyu mdomo kwa kamba ili daktari akifika achome tu (uamuzi wenyewe ndio huo, wa dakika moja). Nikasogea. Mkia wa Sijali ulikuwa umesimama wima, ncha yake ikitikisika harakaharaka, na mwili wote umetulia tuli. Mimi nikaona mkia tu. Na kwa kuwa mwalimu hawezi kuona kitu asifundishe, nikatangaza, "Ndugu zangu, mbwa anayetikisa mkia ana furaha, hana neno."

Bibi Eliza akasema taratibu, "Mwanangu, huo si mkia wa furaha. Huutikisa hivyohivyo akiona nguruwe pori."

"Bibi, hayo tumeyasoma," nikamjibu, kipaza sauti bado kiko mdomoni, na watu wakamcheka yeye. Nikainama.

Sikuona alivyoruka. Niliona meno yameshika mkono wangu, na kilichonishtua kuliko maumivu (hadi leo mwili unanisisimka) ni kwamba mkia ulikuwa bado unatikisika, vilevile, kana kwamba hakuna kilichobadilika. Nikalia "mama, nakufa," kipaza sauti kikaipeleka sauti mpaka sokoni, nikarudi kinyumenyume nikaangukia meza, sanduku la chanjo likapinduka, vichupa vikapasuka, mbwa wa foleni wakaanza kurukiana, wenyewe wakaachia kamba, nami nikajikuta juu ya benchi, suruali imechanika nyuma, damu inachuruzika, nikitazama mbwa wa kata nzima wanavyotawanyika bila chanjo.

Hapo wanaume watatu wakaokota mawe wamuue Sijali. Bibi alipiga magoti akamkumbatia mbwa wake shingoni. Nikasema, "Mwacheni. Kosa ni langu, bibi alinionya." Sauti ilitoka nyembamba, lakini mawe yakawekwa chini.

Daktari Hamisa aliporudi alinisafisha jeraha kwa maji mengi na sabuni, hakunigombeza, akauliza tu, "Mkia ulikuwa umelegea, unapepea pamoja na kiuno, au umekakamaa juu?"

Bibi akajibu, "Umekakamaa."

"Basi hakuwa anakusalimia, mwalimu. Mkia ukitikisika, ujue mbwa amesisimka kwa jambo fulani. Jambo gani, uutazame mwili wote."

Nilianza sindano za kichaa cha mbwa siku hiyohiyo, naye Sijali akafungwa kwa daktari siku kumi achunguzwe. Hakuugua. Lakini siku nilipomrudisha mimi mwenyewe mlimani, nilimkuta Bibi Eliza amesimama katikati ya shamba ambalo nguruwe walikuwa wamelilaza karibu nusu, maana mlinzi wake alikuwa kifungoni kwa ajili yangu. Maneno ya kuomba radhi niliyoyapanga njia nzima yakapotea yote.

"Shikamoo, bibi," ndilo lililotoka.

"Marahaba, mwanangu," akaitikia, akamfungulia Sijali kamba. Kisha akasema, "Jembe liko pale."

Nikalichukua. Tulipanda maharage palipolazwa, Jumamosi nne mfululizo, na hakuwahi kunitajia siku ile hata mara moja, jambo lililoniuma kuliko sindano zote. Tangu hapo simgusi mbwa wa mtu kabla sijamwuliza mwenyewe, na mwenyewe akishasema, nasikiliza.