Baba Alivyosomesha Dunia Siku ya Posa Yangu

Siku walipokuja kuniposa, haluwa ilikuwa ishanunuliwa na kahawa ishachemka. Anayeposwa haonekani, kwa hivyo mimi na shangazi tulijibanza nyuma ya pazia la chumbani, masikio nje.

Ukumbini walikaa wazee watatu wa upande wa mume. Wamepanda ngazi za Michenzani mpaka ghorofa ya nne, wanahema. Baba yangu, mwalimu mstaafu wa jiografia, alitakiwa awakaribishe, awasikilize, awajibu. Basi. Mmoja akasema tu, "Leo joto, Mwalimu," na baba akapata pa kuingilia.

Dunia hii, akawaambia, ni mwili mmoja ulio hai. Joto likizidi, bahari hutoa mvuke, mawingu yakatanda, ikapoa, kama mtu anavyotoka jasho. Misitu nayo huvuta pumzi. Yarabi! Kahawa imepoa, yeye ndiyo kwanza yuko kwenye mikoko. Mzee mmoja akakohoa, mwengine akatazama saa. Watu wakiaibika huomba ardhi ipasuke iwameze. Mimi hata hilo sikuliweza, maana ardhi yenyewe ndiyo inayosimuliwa. Yule kijana waliyemposea nilimpenda, na nilijua wazee wake wakiondoka bila ya neno hawatorudi.

"Ananiumbua, wallahi," nikamnong'oneza shangazi. Akanifinya ninyamaze.

Mwisho mkubwa wao akamkata maneno. "Mwalimu, tumekufahamu. Ila sisi tumekuja kwa habari ya mtoto."

"Ndiyo hiyo hiyo nnayokuelezeni," baba akasema. "Mwili ukipungukiwa na kiungo hujirekebisha, lakini huchukua muda. Mama yake alipofariki, nyumba hii ilikuwa haijui mchana wala usiku. Sili, silali. Huyu mtoto ndiye aliyeirudisha sawa, kidogo kidogo, wala hakuna aliyemwambia. Sasa mnakuja kumchukua."

Baba akainua kikombe cha kahawa iliyopoa, akakirudisha chini.

"Mchukueni," akasema. "Nimeridhia. Ila harusi msiniharakishe."

Wazee wakaitikia alhamdulillahi. Shangazi akapiga kigelegele, akanikumbatia, kisha akanitazama usoni.

"Ala! Posa ishakubaliwa, we unalia nini?"

Muda wote baba alipokuwa akizungumza, nilikuwa nikimwomba Mungu amzibe mdomo.